Safari ya Maulidi: Funga Mzigo kwa Ajili ya Mto, Si kwa Ajili ya Mawingu

Mwezi wa Mfungo Sita ukishaandama, nyumba nyingi za Mombasa, Kilifi, Malindi na hata Tanga huingiwa na pirikapirika zake. Kanzu zatolewa sandukuni na kuanikwa, kofia za viua zafuliwa kwa uangalifu, akina mama wakaa jikoni wakipiga visheti, na kila mtoto auliza lini basi litaondoka. Lamu yaita. Maulidi ya Riyadha, yale ambayo Habib Swaleh aliyasimamisha na watu wakayashika mpaka leo, hufikia kilele chake usiku wa Ijumaa ya mwisho ya mwezi, na asiyekwenda mwaka huu huweka nadhiri ya kwenda mwakani.

Wenye nauli ya ndege ni wachache. Sisi wengine twapanda basi, na basi la Lamu halina budi kupita Garsen. Hapo pana mto Tana, na mto huo umewaharibia safari watu waliojifunga vizuri kabisa, kwa sababu walijifunga kwa kuangalia mbingu za kwao.

Msafiri wa pwani amezoea kuinua macho juu. Akiona wingu zito huchukua mwavuli, asipoliona huuacha nyuma ya mlango. Kwa Mombasa hesabu hiyo yatosha. Garsen haitoshi hata kidogo. Pale waweza kusimama juani, vumbi likikuingia puani, mbingu nyeupe kama shuka, na huku maji ya mto yanapanda kingo taratibu, saa baada ya saa, mpaka yaimeze barabara. Hakuna tone lililoanguka. Mgeni hushangaa, wenyeji hawashangai.

Sababu yake ni hii. Tana ni mto mrefu kuliko yote ya Kenya, wapata kilomita 1,000, nao hauzaliwi pwani. Maji yake hutoka milima ya Nyandarua na mlima Kenya, hupita katika mabwawa ya umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huteremka nyika kavu kwa Garissa na Hola, ndipo yafike Garsen na kumwagika baharini Kipini. Mvua iliyowanyeshea watu wa Nyeri na Murang'a wiki iliyopita ndiyo itakayokulowesha wewe magoti Garsen wiki hii. Na bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981 na ambalo ndilo kubwa kupita mengine, likijaa pomoni, maji ya ziada hayana pa kwenda ila kuteremkia walio chini. Ndiyo maana mwenye kusafiri kwenda Lamu hupata faida kubwa kwa kusikiliza habari za milimani kuliko kutazama dirisha lake. Ikitangazwa redioni kwamba Masinga limefurika na walio kingoni wahame, hilo ni tangazo lako nawe uliyeketi Majengo ukifunga begi.

Lipo na jambo la pili linalomchanganya msafiri wa Maulidi, nalo ni kalenda yetu wenyewe. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku zipatazo 11. Basi Mfungo Sita hurudi nyuma kila mwaka, na katika muda wa miaka 33 hivi huwa umezunguka misimu yote. Wazee wetu waliokwenda mwaka 1971 walikwenda mwezi wa Mei, katikati ya masika. Mwaka 2004 Maulidi yakarudi palepale pa Mei. Katikati yake yamepita kwenye kaskazi na joto lake, yamepita kwenye vuli, na mwaka 2015 yalikuja mara mbili katika mwaka mmoja wa Kizungu, mwanzo wa Januari na tena mwisho wa Desemba. Mwaka 2019 yaliangukia Novemba, ndani ya ile vuli ambayo mvua zake zilizidi kiasi nchi nzima. Sasa yako katika demani, kusi likiwa linamaliza nguvu zake. Baada ya miaka michache yataingia katika kipupwe chenyewe, Julai na Juni, wakati wa upepo mkali, manyunyu na baridi ya alfajiri, na ifikapo katikati ya miaka ya 2030 yatakuwa yamerudi masikani.

Hii ina maana kuwa mzigo aliokufunza baba yako huenda usikufae. Nawajua watu wanaofunga begi la Maulidi kwa mazoea: vitu vilevile, kwa mpango uleule, tangu walipokuwa vijana. Mazoea hayo yalifundishwa na msimu fulani, na msimu huo umekwisha kuondoka. Aliyejifunza safari katika miaka ya kaskazi hubeba kanzu nyepesi na ndara, basi. Akija kusafiri Julai, alfajiri itamkuta Garsen akitetemeka, maana bara lile tambarare halina nyumba wala mnazi wa kukinga upepo.

Zamani, kabla ya daraja, pale Garsen palikuwa na feri ya kuvutwa kwa kamba. Basi hushusha abiria, huingizwa juu ya feri, na wanaume huvuta kamba mpaka ng'ambo. Mto ukijaa, feri haiendi. Watu wakilala pale usiku mmoja, mawili, hata zaidi, na waliokuwa wakienda zama hizo walijifunga kwa kujua hivyo. Bibi mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa na kikapu cha ukili alichokiita kikapu cha Garsen, wala hakukifungua kwa jambo jingine njia nzima. Ndani mlikuwa na mkate wa mofa, tende, tangawizi kavu, kibiriti ndani ya kopo la maziwa ya watoto lenye kifuniko cha kubana, leso mbili na chandarua. Tukifika Lamu bila ya kukwama, kikapu hicho hurudi nacho Mombasa kama kilivyo, na sisi watoto twamcheka. Alikuwa akituambia, "Chekani, wanangu. Njaa ya Garsen haina mpishi."

Daraja likaja, kisha lami ikaja mpaka Lamu, na kikapu kikaachwa. Mimi nasema kiliachwa mapema mno. Daraja lavuka mto mahali mto ulipo siku za kawaida. Mafuriko yakija, mto hauko tena pale ulipokuwa, umetanda maili kwa maili, na barabara hukatika mbele au nyuma ya daraja. Wakati wa mvua za El Nino, zilizoanza Oktoba 1997 na kuendelea hadi mwaka uliofuata, barabara ya Malindi na Garsen iliharibika vibaya sana. Na juzijuzi tu, Mfungo Sita wa mwaka 2023 uliishia katikati ya Oktoba. Mwezi uliofuata maji yaliikata barabara ya Garsen na Lamu huko Gamba na Lango la Simba, na magari yakasimama foleni juu ya lami nzuri, mpya, isiyokwenda popote. Mwaka 2024, Aprili na Mei, yakawa hayohayo tena. Lau mwezi ungechelewa kidogo tu, foleni ile ingekuwa ya watu wa Maulidi.

Basi na tufunge mzigo.

Nguo kwanza, kwa kuwa ndizo zinazowapoteza watu. Kanzu ya Maulidi haifai kuwa kanzu ya njiani. Ile nzuri ifungwe peke yake, isifunguliwe mpaka Lamu. Zamani tulikuwa tukiitia ndani ya mifuko miwili ya nailoni na kufunga kwa uzi, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na ni vyema ilipigwa, kwani ilikuwa ikiziba mitaro yetu. Badala yake ipo ndoo ya rangi yenye kifuniko, ile ya lita 20, ambayo fundi huitupa akishamaliza kazi. Ioshe, ikaushe, tia kanzu, kofia, buibui la mama na nguo za watoto, bana kifuniko. Haipendezi machoni, na watu wa basi watakuuliza kama waenda kupaka chokaa. Lakini ndoo haivuji, yaelea, hukaliwa kama kiti barabarani, na ukifika ni ya kuogea. Sijaona begi la dukani lifanyalo kazi nne.

Ya kuvaa njiani iwe kikoi au msuli mzito, fulana na sweta. Sweta, naam. Watu wa pwani twaona haya kubeba sweta, kana kwamba ni vazi la watu wa bara peke yao. Lakini mtu aliyelowa maji ya mto na kupigwa na kusi usiku kucha hahitaji theluji ya Ulaya ili augue kifua. Kwa akina mama, leso ni hazina kuliko nguo nyingine yoyote: ni shuka, ni pazia la sitara mahali pasipo na choo, ni mbeleko, ni taulo, ni kamba ikibidi. Chukua doti mbili zaidi ya unazodhani zatosha.

Miguu nayo ina hesabu yake. Wengi huvua viatu wakifika kwenye maji, wakidhani ni kama kuvuka mkondo wa Shela. Sivyo. Sehemu nyingi za Tana River zimeingiliwa na ule mti wa mathenge, wenye miiba mirefu inayotoboa hata gurudumu, na mafuriko huisomba miiba hiyo na kuificha chini ya tope. Gambuti nazo hunaswa. Udongo wa delta ni mweusi, wa kunata, waushika mguu kama deni, na gambuti ikijaa maji huwezi kuinua hatua. Kifaacho ni akala, zile za mpira wa gurudumu, zenye ukanda wa nyuma ya kisigino. Ndara haina ukanda huo, itabaki topeni wewe ukienda.

Sasa chakula. Hapa sina budi kumtaja Fumo Liyongo, maana twapita katika nchi yake. Huko Kipini na Ozi, mdomoni mwa mto huu huu, ndiko masimulizi yanakomweka, na kila mtoto wa pwani ayajua mambo ya mkate. Liyongo alipokuwa gerezani, chakula kizuri alicholetewa na Saada kililiwa na walinzi. Basi akaagiza kwa mamaye mkate wa wishwa, mbaya wa sura, na ndani yake itiwe tupa. Walinzi wakaudharau, wakampa mwenyewe, naye akakata minyororo. Mimi nikikisikia kisa hicho nawakumbuka wasafiri wetu wanaobeba biriani na sambusa za nyama. Chakula hicho ni kizuri mpaka Malindi. Ukifika Garsen na kukwama, joto la ndani ya basi limekwisha kukiharibu, na aliyekila ndiye atakayetafuta kichaka usiku.

Mkate wa mofa hudumu. Visheti hudumu. Tende hudumu kuliko vyote, nazo hazihitaji moto wala maji. Kashata za nazi hudumu siku mbili tatu, kisha hugeuka ladha. Mahamri hukauka lakini hayadhuru, ukipata chai utayachovya. Viazi vya kuchemsha vyafaa siku ya kwanza tu. Na uchukue cha kumpa jirani, kwa kuwa kula peke yako ndani ya basi lililokwama, watu arubaini wakikutazama, ni jambo lisilomezeka.

Maji ya kunywa ndiyo msiba wa kweli wa mafuriko. Umezungukwa na maji mpaka upeo wa macho, na hakuna ya kutia kinywani. Madhehebu yetu ya Shafii hayazuii kutawadha kwa maji yaliyogeuzwa rangi na udongo, na wengi wetu twalijua hilo tangu chuoni. Lakini tumbo si kiungo cha udhu. Maji ya mafuriko yamepita zizini, makaburini na vyooni kabla ya kukufikia. Kila familia na ibebe jerikeni ya lita 10 iliyojazwa nyumbani, na vidonge vya kutakasa maji, ambavyo ni vya bei nafuu katika duka la dawa. Na kama una watoto wadogo chukua paketi za chumvi na sukari za kutibu kuharisha, usingoje kuzitafuta huko.

Pia kuhusu maziwa. Maziwa ya Waorma yanayouzwa kandokando ya njia ni matamu, wala sitamkataza mtu. Ila yachemshwe. Baada ya mafuriko ya 1997 na 1998, na tena mwaka 2006 hadi 2007, ilizuka homa ya Bonde la Ufa kaskazini mashariki mwa nchi na Tana River, ikaua mifugo na watu. Homa hiyo huletwa na mbu wanaozaliana kwenye maji yaliyosimama, nayo huwapata watu kwa mbu, kwa damu ya mnyama mgonjwa na kwa maziwa mabichi. Hapo utaona kwa nini bibi alibeba chandarua. Siku hizi chandarua chaweza kufungwa ndani ya basi kati ya viti viwili, nimeona kikifungwa, na watoto wakalala.

Fedha iwe taslimu na iwe ndogondogo, kibindoni. Umeme ukikatika na mtandao ukapotea, pesa iliyo ndani ya simu ni hadithi tu. Kurunzi iwe kando ya simu, usiitegemee simu kuwa taa. Simu yenyewe izimwe, iwashwe mara mbili kwa siku kuwaambia wa nyumbani kuwa mko salama.

Nimeyataja haya yote, lakini bado sijalitaja ambalo watu hulisahau zaidi, nalo halina uzito wala halikai ndani ya ndoo. Ni siku. Mtu hufunga sweta, tende na chandarua, kisha ratiba yake ni kufika Lamu Alhamisi alasiri, kusoma Maulidi usiku, na kurudi Mombasa kabla ya Jumatatu kazini. Huyo hakubeba hata siku moja ya akiba. Na ndiye wa kuogopewa, kwa sababu maji yakimzuia hatangoja. Atatafuta njia. Ataona kijana na mashua au mtumbwi, atauliza bei, atapanda.

Tarehe 28 Aprili 2024, Tana River hiyohiyo, upande wa juu karibu na Garissa, barabara ilikuwa imekatwa na maji pale Kona Punda. Watu waliokuwa na haja zao, si walevi wala wajinga, wakapanda mashua kuvuka baina ya Madogo na Mororo. Mashua ikapinduka, wakafa watu. Si bahari ile, wala si Kusi la Julai. Ni maji yaliyotanda juu ya barabara, ambayo siku nyingine huipita kwa gari ukila njugu. Maji hayo yana mkondo usioonekana, yana nguzo na seng'enge chini, na huko delta yana mamba na viboko waliotoka mtoni pamoja nayo. Mwenye siku tatu za akiba hukaa akatazama. Asiye nazo hupanda.

Kwa hiyo omba ruhusa ya kazi ndefu kuliko unavyohitaji. Ondoka mapema katika wiki, na chukua nauli ya kurudi nyuma mpaka Malindi, kando na nauli ya kwenda mbele. Kwa miaka mingi baada ya mashambulizi ya 2014 mabasi yalikuwa yakisindikizwa na askari kutoka Gamba, na aliyechelewa msafara aliingoja siku ya pili. Waliozoea zama hizo hawaoni ajabu kulala njiani. Na ukifika njia panda ya Minjila, kabla ya kuingia Garsen, shuka uulize. Usimwulize dereva, yeye ataka nauli yako. Waulize Wapokomo wauzao maembe na ndizi. Hao wanaishi na mto, wanapanda mpunga kwa kufuata kupwa kwa mafuriko, na kwao mto usipofurika kabisa ni msiba vilevile, maana mashamba hukosa rutuba. Mpokomo akikwambia mto unapanda, hakuogopeshi. Anakupa habari. Akisema unashuka, ngoja.

Mwenye kuyafuata haya pengine atapita Garsen kwenye lami kavu, dirisha wazi, akiuliza yote yalikuwa ya nini. Basi litapita Witu na Hindi, litasimama Mokowe, na abiria watakimbilia boti za kuvukia Lamu. Hapo ndipo wengi hufungua ndoo wakavaa kanzu nyeupe ili wateremke gatini wamependeza. Wasifanye hivyo. Kusi likivuma, chombo chenye mzigo mwingi hupiga mawimbi ya mkondo kwa ubavu, na dhoruba ndogo ya maji ya chumvi huwarukia walioketi mbele. Kaa nyuma, mpe mtoto sweta, kifuniko cha ndoo kibanwe, na kanzu ivaliwe ng'ambo.